Kilo Gani Tena Mnataka Kukata?

Jamani, leo naandika kuhusu jambo ambalo wengi hapa Dzaleka wanalichukulia kama ujanja wa wanaume. Kukata kilo. Kijana ana kilo 69. Kocha anamwambia mashindano ya Lilongwe ni Jumamosi, kwenye kilo 73 kuna watu wazito, afadhali ushuke 66. Tangu Jumatano kijana hagusi ugali. Alhamisi anaacha maji. Ijumaa mchana, jua kali la mwezi wa kumi, unamwona anazunguka kambi akikimbia, amevaa jaketi mbili na plastiki ndani, anatema mate kwenye chupa ili apunguze gramu. Watu wanampigia makofi. Eti huyo ndiye bingwa.

Mimi nasema huyo ni mgonjwa tunayemtengeneza sisi wenyewe. Na wenye kumtengeneza wanajijua.

Tuanze na mwili, maana makocha wetu wengi hawapendi kuongea habari hiyo. Kilo tatu zinazotoka kwa siku tatu si mafuta. Ni maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu ya darasa la tano hiyo. Ukiacha chakula, mwili unatumia wanga uliouweka kwenye misuli na ini, na wanga ule unaposhuka unaondoka na maji yake. Halafu jasho linaondoa mengine. Damu inakuwa nzito, moyo unapiga mbio kuisukuma, figo zinakosa cha kusafisha, na mwili unashindwa kujipoza kwa sababu jasho limeisha. Huyo ndiye mtu tunayempandisha ulingoni kesho yake atupwe chini kwa mgongo. Kwenye ndondi ni mbaya zaidi, sababu anapigwa kichwani.

Kaka mmoja aliniambia, "Lakini Wazungu wote wanafanya." Kweli, wanafanya, na wamekufa nayo. Mwaka 1997 huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa ndani ya wiki tano wakikata kilo kwa namna hiihii: nguo za mpira, chumba cha joto, mazoezi bila maji. Baada ya hapo vyuo vyao vilipiga marufuku nguo za mpira na vyumba vya joto, na kupima uzito kukasogezwa karibu na muda wa pambano ili mtu asipate nafasi ya kujikausha na kujijaza tena. Mwaka 2015 Yang Jian Bing, mpiganaji wa China, alikufa Manila kabla hata ya kupanda ulingoni. Paris 2024, Vinesh Phogat wa India alifika fainali ya mieleka ya kilo 50, na asubuhi ya fainali mzani ukamkuta amezidi gramu 100. Alikuwa na daktari. Alikuwa na mtaalamu wa lishe. Usiku kucha alifanya mazoezi bila kulala, wakamkata mpaka nywele, na bado gramu 100. Akaondolewa, akaishia kutundikiwa dripu. Sasa niambieni, kama timu ya nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja imeshindwa hiyo hesabu, kocha wetu mwenye mzani wa kuazima sokoni ataiweza?

Lakini hilo bado si neno langu kubwa. Neno langu kubwa ni hili: kukata kilo ni mchezo wa watu walioshiba. Anayekata kilo Ulaya anatoka kwenye nyama, maziwa, mayai, matunda. Anajinyima siku tatu, anapimwa, halafu anapewa saa nyingi na meza iliyojaa ili arudishe nguvu. Kwenye judo ya kimataifa watu wanapimwa jioni, wanapigana kesho yake. Kati ya hapo wanakula wali, ndizi, wanakunywa maji yenye chumvi na sukari, wanalala. Ujanja wote uko kwenye kile kilichomo ndani ya hizo saa. Sisi hapo katikati tuko na nini? Tuko na minibasi ya alfajiri kwenda Lilongwe, kibali cha kutoka kambini mfukoni, na mandazi mawili kama kuna mtu amekumbuka kununua.

Na tunaanzia wapi? Kipimo ambacho mashirika yenyewe yanatumia ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Huyo ni mtu wa kukaa tu, si mtu wa kubebana na kuangushana saa mbili kila jioni. Mgao wetu umekatwa mara ngapi, kila familia hapa inajua. Mwezi wa 11, 2023, kwacha ikashushwa kutoka kama 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja, na bei ya mahindi haikumsubiri mtu. Mwaka uliofuata ukame ukapiga, mpaka serikali ikatangaza hali ya janga. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kidogo, leo tumepita elfu hamsini. Nyumba nyingi zinawasha moto mara moja kwa siku. Ugali na majani, siku nzuri maharage, siku nzuri sana usipa au ndagala. Kijana wa namna hiyo unamwambia akate. Akate nini? Mgao umeshamkata kabla yako, kocha.

Kuna kitu kinaniuma zaidi kama mtu wa kujitolea. Kipindupindu cha 2022 na 2023 kiliua watu zaidi ya 1,700 katika Malawi hii. Sisi tulipita nyumba kwa nyumba na ORS tukieleza dalili: midomo mikavu, macho yaliyozama, ngozi ukiivuta hairudi haraka, mkojo wa rangi ya chai. Tulisema ukiziona, kimbia kliniki. Leo dalili zilezile ninaziona Ijumaa jioni kwa vijana wetu, wamekaa ukutani wanacheka kwa shida, na mtu mzima anawaambia, "Vumilia, bado gramu mia nne." Ugonjwa uleule tuliopambana nao, tumeupa jina jipya tukauita nidhamu.

Wengine wameenda mbali. Wananunua vidonge vya kukojoza. Dawa ile ni ya wagonjwa wa moyo na figo, inatolewa na daktari kwa kipimo, inafukuza maji pamoja na chumvi ambazo moyo unazitegemea ili upige sawasawa. Na iko kwenye orodha ya dawa zinazokatazwa michezoni duniani kote. Yaani ukishinda unaweza kunyang'anywa, ukishindwa unaweza kuzikwa.

Na kwa dada zetu nani anauliza? Msichana wa miaka 16 aliyeanza kukosa hedhi kwa sababu ya njaa na mazoezi, atamwambia nani? Kocha mwanaume? Anaambiwa amekuwa mwepesi, hongera. Mifupa yake bado inajengwa, damu yake tayari ni ndogo, na malaria iko palepale haijaenda likizo.

Najua jibu lenu. Mnasema mkimbizi ana bahati moja tu, mlango ukifunguka lazima upite hata kwa ubavu. Mnataja timu ya wakimbizi ya Olimpiki. Vizuri, tuitaje. Popole Misenga na Yolande Mabika, Wakongomani wenzetu, judo. Mwaka 2013 walikimbia timu yao ya taifa wakiwa Rio. Wamesimulia wenyewe kwamba wakishindwa walifungiwa ndani kwa siku kadhaa na kupewa kahawa na mkate tu, na kwamba huko Rio waliachwa hotelini bila chakula. Chakula kilikuwa fimbo ya kocha. Walitoroka fimbo hiyo, na miaka mitatu baadaye, 2016, wakapigana Olimpiki wakiwa wakimbizi, Popole kwenye kilo 90, na pambano lake la kwanza akashinda. Na Cindy Ngamba, aliyeleta medali ya kwanza kabisa ya timu ya wakimbizi, shaba ya Paris 2024, alipigana ndondi kilo 75.  Mkiwatumia kama mfano, tumieni habari nzima.

Sasa nageuka kwa ndugu zetu wa mashirika, msifikiri nimewasahau. Mnapenda sana michezo. Mnaleta magodoro, jezi, bendera, mnapiga picha kijana ameshika medali na kuandika kuhusu matumaini. Asante, tunashukuru kweli. Lakini nimeona bajeti za vipindi vya michezo zikiwa na mstari wa fulana, mstari wa mabango, hata mstari wa mgeni rasmi, bila mstari wa uji. Likuni phala, uji wa mahindi na soya ambao kila mama Malawi anaujua, kikombe kimoja baada ya mazoezi. Msituambie ni ghali kuliko mabango. Ukimwongezea mtu kazi ya mwili bila kumwongezea chakula, umemchukulia, hujampa. Na kama hamna pesa ya uji, basi punguzeni siku za mazoezi, tutawaelewa.

Kwa makocha, nina mambo machache na mnaweza kuyaanza wiki hii bila kusubiri mfadhili. Mtoto chini ya miaka 18 asikate hata gramu, apigane kwa kilo alizoamka nazo. Wakubwa wapimwe Jumatatu, na atakayeonekana Ijumaa ameshuka zaidi ya kilo moja asipande minibasi. Jaketi mbili na plastiki marufuku. Mashindano ya hapa kambini tupime uzito saa moja kabla ya kupigana, hakuna atakayejikausha akijua hana muda wa kunywa. Utapoteza mapambano mawili matatu, ndiyo. Kijana wako wa kilo 69 ataenda kwenye 73 na labda ataangushwa. Ataamka, atajipangusa, atarudi nyumbani kwa mama yake.

Mashindano ya Lilongwe yanakuja tena mwezi ujao. Nitakuwa stendi ya minibasi alfajiri hiyo na ndoo ya maji, vikombe na mzani. Kocha atakayenikataza kuwapa vijana wake maji, anieleze sababu mbele ya wazazi wao.