Watoto wapimwe damu, wasisubiri fidia

Ukitaja risasi hapa kwetu, mawazo ya watu hukimbilia bunduki. Risasi ninayoizungumzia leo haina mlio. Ni yale madini yaliyomo kwenye betri za magari na baadhi ya rangi za nyumba. Mtoto huyavuta na vumbi, au huyala kwa vidole vichafu. Yakishaingia mwilini hupunguza damu na kudumaza akili, na akili iliyodumaa hairudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Ubaya wake ni kwamba mtoto huumwa tumbo, huchoka, hukosa hamu ya kula. Ni maradhi mangapi yana dalili hizo? Bila kupima damu, hata daktari bingwa anabahatisha tu.

Wadau, mnakikumbuka kisa cha Owino Uhuru, kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa makazi ya maskini. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga alipougua, alitibiwa kwanza kama mgonjwa wa kawaida. Damu ilipopimwa ndipo risasi ikaonekana. Mama huyo aliacha kazi akaanza mapambano, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Ni ushindi mkubwa, na nawapongeza. Lakini hebu tujiulize: fidia inalipa nini? Inalipa madhara yaliyokwisha kutokea. Haiwezi kumrudishia mtoto akili aliyopotezewa. Na mtaa ambao haujapimwa kabisa, utaenda mahakamani na ushahidi gani?

Ndiyo maana napenda kesi ya California, Marekani, ambayo wengi wetu hatuisikii. Sheria ya nchi yao ya mwaka 1989 ilitaka watoto wa familia maskini wanaotibiwa kwa bima ya serikali wapimwe damu. Jimbo halikuwa likiwapima. Wazazi, wakisaidiwa na mashirika ya haki za raia na ya mazingira, walilishtaki. Mwaka 1991 jimbo likakubali nje ya mahakama kuwapima watoto wapatao 500,000. Hawakudai mamilioni mfukoni. Walidai kipimo tu.

Mtasema Marekani ina sheria ile, sisi hatuna. Mimi si mwanasheria, lakini Katiba ya Kenya ya 2010 naisoma. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Kifungu cha 70 ndicho kitamu zaidi: anayeshtaki kwa ajili ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyeumia. Yaani si lazima tungoje maiti ndipo tubishe hodi mahakamani!

Najua jibu litakalokuja: pesa hakuna, tuna malaria, tuna utapiamlo. Ni hoja ya kweli, siidharau. Lakini hakuna anayedai kila mtoto wa nchi hii apimwe kesho asubuhi. Tuanze na wanaoishi karibu na viwanda vya kuyeyusha vyuma na mahali betri zinapopasuliwa. Tena kifungu cha 20 kinasema, serikali ikidai haina uwezo wa kutimiza haki kama ya afya, ni juu yake kuthibitisha hivyo. Basi na ithibitishe mbele ya jaji, si mbele ya kamera.

Kwa maoni yangu, kesi ijayo ya risasi isiwe ya fidia peke yake. Iombe amri ya kupima watoto, itaje maeneo, itaje muda, na matokeo wakabidhiwe wazazi. Mwenye pesa akiwa na shaka humpeleka mwanawe maabara jioni hiyo hiyo. Maskini asiye na pesa ya maabara ana mahakama. Aitumie mapema, mtoto angali mzima.

Tutafakari.