Ganda la Risasi na Dhamana ya Mhunzi

Katika nchi ya Usukuma na Uzinza, mhunzi ni mtu mwenye heshima ya tangu kale. Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyowalisha Wasukuma, hata yakatolewa mahari, kabla majembe ya viwandani hayajaenea. Ustadi huo haukufa. Lakini wapo walioupotosha wakafua magobole. Na palipo na gobole hapakosi mtu wa kuliokota ganda la risasi lililokwisha kutumika, akajiuliza kama haliwezi kujazwa tena. Jambo hili lina roho za watu ndani yake, hivyo hapana budi lisemwe waziwazi.

Kwa mtazamo wa juujuu kazi hiyo ni nyepesi. Hakika yake ni nyingine. Ganda la shaba aghalabu huwa ni mchanganyiko wa sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Bunduki inapolia, ganda hutanuka na kujikaza kwenye kuta za chemba, likaziba njia ili gesi isimrudie mpigaji. Baadaye hubaki limepanuka. Ili litumike tena ni lazima lipakwe mafuta maalumu, lisukumwe ndani ya kalibu ya chuma kigumu, na lirudishwe kwenye kipimo chake. Mafuta yakipungua, ganda hukwama kalibuni. Yakizidi, hujikusanya na kulibonyeza mabegani. Yasipofutwa yote, ganda halishiki kuta za chemba na nguvu ya mlipuko huelemea sehemu ya nyuma ya bunduki. Tena, kila linapotanuka na kubanwa, shaba yake huwa ngumu zaidi na ukuta wake huzidi kuwa mwembamba karibu na kitako, mpaka siku moja upasuke hapo. Hapo gesi ya moto huelekea machoni pa mwenye bunduki.

Katika nchi kama Marekani wako raia wanaofanya kazi hii majumbani kwao, lakini wana mizani, vipimo, kalibu za kiwandani na majedwali ya kila aina ya baruti. Mhunzi wa kijijini ana nyundo, mvuo na jicho lake. Mbaya zaidi ni baruti yenyewe. Baruti ya bunduki huungua kwa hatua na kuisukuma risasi. Baruti ya mwambani hulipuka ghafla ili kuvunja jiwe. Anayeitoa duarani na kuitia katika ganda ametengeneza bomu, kisha ameliegemeza shavuni mwake. Ndiyo maana Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 haikuiacha bidhaa hiyo itembee ovyo.

Tutaambiwa kwamba mkulima anayepakana na mapori ya Kigosi na Moyowosi husumbuliwa na wanyama waharibifu, na kwamba risasi halali ni ghali na ziko mbali. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Nchi yetu ina Shirika la Mzinga huko Morogoro, lililoanzishwa mwaka 1974, na kwa hiyo ni haki ya mwananchi mwenye kibali kuuliza kwa nini asipate risasi salama karibu naye. Wanaohusika na vibali na askari wa wanyamapori wamjibu kwa vitendo. Lakini shida ya mkulima haiwezi kuwa ruhusa ya karakana za siri.

Historia ya mkoa wetu inatufundisha. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha za moto zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa mtutu. Wananchi wa Shinyanga na Kahama walipounda Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walishika pinde na mishale. Nguvu yao ilikuwa umoja na nidhamu, si wingi wa bunduki.

Sheria iko wazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimruhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi bila leseni. Nayo Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazifunga nchi za Maziwa Makuu kupambana na utengenezaji haramu wa silaha ndogo. Hata hivyo, sheria peke yake haimlishi mhunzi. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wanahitaji kila siku moko, nyundo, sururu na vipuri vya karasha. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na halmashauri zetu ziwafuate wahunzi hawa vijijini, ziwape mafunzo na mikopo.

Kwa wenye migodi tunasema: hesabuni baruti yenu asubuhi na jioni. Kwa wenye bunduki za halali: maganda matupu si vitu vya kuchezea watoto wala bidhaa ya kuuziwa mhunzi. Na kwa wanaoficha magobole: Serikali ilitoa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari mwezi Septemba na Oktoba mwaka 2023, na wenye busara waliutumia. Nafasi ya namna hiyo inapotolewa, isipite bure. Mficha uchi hazai.

Mikono iliyofua majembe ya kuilisha nchi haistahili kukatwa vidole na ganda la kuokota.