Mshipa wa Moyo Ulioziba Kabisa

Mtu atokaye ufukweni mwa Ziwa Kivu, mjini Gisenyi, akaupanda mlima wa Rubavu, hana budi kutweta. Huo si ugonjwa. Lakini mtu mzima ambaye kila apandapo hubanwa kifua kana kwamba amefungwa mkanda, maumivu yakamwingia bega au taya, kisha akiketi hutulia, asidanganywe kuwa ni uzee. Askari wastaafu ndio hodari wa kulificha jambo hili, wamezoea kuvumilia.

Huenda mmoja wa mishipa inayoulisha moyo damu umeziba kabisa. Umeziba, naye yu hai? Naam. Mshipa ukizibwa polepole na mafuta na chokaa, vijishipa vya jirani hupanuka na kuleta damu kwa njia ya kuzunguka. Damu hiyo humtosha aliyeketi. Apandaye kilima haimtoshi.

Tangu Septemba 1977, Andreas Grüntzig alipoupanua mshipa wa moyo kwa kipira mjini Zurich, tiba yawezekana bila kupasua kifua. Mrija mwembamba huingizwa kifundoni mwa mkono au kinenani, ukasukumwa hadi moyoni, daktari akitazama kwa eksirei. Ndani yake hupita waya usiofika unene wa nusu milimita. Hapa ndipo penye kazi, kwani kizibo cha siku nyingi huwa kigumu. Waya ukishindwa kupenya kwa mbele, pengine huzungushwa kupitia vile vijishipa vya jirani ukatokea nyuma yake. Ukipita, kipira hujazwa, na kijibomba cha wavu wa chuma, yaani stenti, huachwa kuishikilia njia. Yaweza kuchukua saa kadhaa, na mshipa waweza kutoboka.

Faida yake ni kifua kuachia na pumzi kurudi. Kwamba huongeza umri, hilo halijathibitika. Kwa hiyo mgonjwa huanzishiwa vidonge, na asiyepata nafuu ndiye hufikiriwa waya. Akiwekewa stenti, vidonge vya kuzuia damu isigande havirukwi hata siku moja, na hapo jicho la mke au mume lina kazi.

Uchunguzi waweza kuanzia Hospitali ya Gisenyi, kabla ya safari ya Kigali, kiasi cha kilomita 150 za milima. Mjini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huzibua mishipa kwa njia hii.

Maumivu yanayomshika mtu ameketi, yakapita robo saa huku akitoka jasho baridi, ni jambo jingine: mshipa umeziba ghafla. Huyo hangojei asubuhi, wala hatembezwi kwa miguu. Apelekwe hospitali saa ile ile.