Tamko la Walimu na Wazazi wa Jinja na Mbale Kuhusu Simu na Masomo ya Vijana

Sisi walimu na wazazi wa Jinja na Mbale, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa Wizara ya Elimu na Michezo, kwa viongozi wa majiji yetu mawili na kwa kila anayelea kijana.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Muda mwingi wa kipindi hicho watoto wetu walikuwa wakijifunza, ila si darasani. Wapo waliojifunza kukata miwa Busoga, wapo waliojifunza biashara ndogondogo mitaani, na wengi walizoea kukesha na simu. Mazoea ya karibu miaka miwili hayaondoki kwa kengele ya asubuhi.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unamtaka mwanafunzi achunguze mambo na kutengeneza mradi. Tathmini ya kazi hizo shuleni hubeba asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa mwisho wa ngazi hiyo, na kundi la kwanza lilitahiniwa 2024. Hapohapo simu imepigwa marufuku shuleni. Marufuku hiyo hatuipingi. Darasa linahitaji utulivu. Tunachokikataa ni kumwagiza mtoto utafiti kisha kumwacha ahangaike likizoni na bando la kuazima, bila mtu mzima wa kumwonyesha tofauti ya habari ya kuaminika na uzushi. Tunaposahihisha, tunakuta aya ileile katika daftari baada ya daftari.

Anayemfundisha kutumia simu, basi, ni rafiki yake, na rafiki humfundisha pia kubeti. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2016 inamkataza kubeti asiyetimiza miaka 25, lakini simu ya kaka haiulizi umri. Kule Bugisu, kijana anayeelekea imbalu, yaani tohara ya jando, hutembea na jamaa zake mpaka siku yenyewe. Kwenye intaneti tumemwachia njia nzima peke yake.

Tunaitaka Wizara iruhusu vyumba vya kompyuta vya shule vifunguliwe Jumamosi na likizoni, chini ya mwalimu. Majiji yetu yazipatie maktaba za umma intaneti ya uhakika, na yakague maduka ya kubeti, hasa yaliyo jirani na shule. Wazazi wenzetu, kaeni na mtoto anapotafuta jambo kwenye simu, hata kama yeye anaijua kuliko ninyi. Kupima ukweli wa maneno mnakuweza.

Walimu wanachama watasimamia vyumba hivyo vya kompyuta kwa zamu kuanzia likizo ijayo, katika shule yoyote itakayotupokea, na mzazi hatatozwa chochote.