Bashi mpaka lini?

Ndugu wachimbaji wa Mongbwalu, Kilo, Nizi na Iga Barrière, na ninyi wamama mliobaki na watoto hapa Bunia, leo tunasema juu ya nyumba. Wengi wenu mnaijua hii habari kwa mwili. Baba iko kwenye shimo, vita inafika kijijini, mama anabeba watoto na sufuria, anakamata njia ya Bunia. Akifika hapa, swali la kwanza si chakula. Chakula jirani anaweza kukugawia. Swali ni: usiku huu tutalala wapi?

Tangu vita ilipowaka tena Djugu mwisho wa 2017, jibu la leta limekuwa moja: bashi. Mwanzo wa 2018 watu walijaa pembeni ya Hospitali Kuu ya Bunia. Mwaka 2019, zaidi ya elfu kumi wakahamishiwa Kigonze. Walisema ni kwa muda mfupi. Mtoto aliyezaliwa pale hospitali leo iko na umri wa kusoma, na bado analala chini ya plastiki.

Mashirika yenyewe yana kipimo: mita 3,5 za mraba kwa kila mtu. Jamaa ya watu sita, mita 21. Ninyi ni watu wa kupima, muende mpime. Halafu muulize baba na mama wa hiyo nyumba wanalala wapi, na binti wa miaka kumi na tano anavalia nguo wapi. Bashi inakauka na jua, inapasuka, mvua inaingia. Na haizuie panga. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022, kule Plaine Savo, watu karibu 60 waliuawa ndani ya kambi ambayo walikimbilia ili wapone.

Tutazame jirani. Tarehe 25 mwezi wa nane 2021, ndege ilishusha Entebbe watu 51 waliokimbia Afghanistan. Uganda ilikubali kuwapokea kwa kuombwa na Marekani, wakalazwa hoteli. Hatuwaonei wivu, aliyekimbia Kabul na aliyekimbia Drodro wote wamekimbia kifo. Lakini ni Uganda hiyohiyo iliyopokea ndugu zetu mwaka 2018, wakati walivuka Ziwa Albert na mitumbwi toka Tchomia mpaka Sebagoro. Wengi walipelekwa Kyangwali. Pale jamaa inaonyeshwa kipande cha udongo, inapewa miti na bashi, inajijengea. Si paradiso, na posho ya chakula kule imekatwa sana. Ila mtu anajua mpaka wake ni huu, na akipata pesa kidogo anafyatua tofali. Mkongomani akivuka ziwa anapata kiwanja. Akibaki ndani ya provense yake mwenyewe, hapati. Hii tunashindwa kuielewa.

Mkataba wa Kampala wa 2009 juu ya wakimbizi wa ndani unasema wazi kama kazi ya kuwalinda na kuwasaidia ni ya serikali kwanza. Hapa kwetu kazi iliachiwa mashirika. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada, na hata bashi yenyewe imekuwa ya kutafuta.

Watatuambia hakuna pesa. Basi tusome sheria pamoja. Sheria ya mwisho wa 2022 ilianzisha FONAREV, mfuko wa kulipa wahanga wa vita na wa ubakaji, na mfuko huo unalishwa na asilimia 11 ya redevansi ya mine. Kodi ya mine ya 2018 nayo inaachia provense asilimia 25 ya redevansi, na seteri, shefri au mji asilimia 15. Kweli, hapa Ituri dhahabu nyingi inachimbwa na mikono, inapita usiku kwenda Uganda, na redevansi haioni hata gramu. Lakini mchimbaji analipa: kwenye barieri, kwenye shimo, kwa mwenye karatasi na kwa mwenye bunduki. Hiyo pesa haijawahi kurudi hata kama bati moja. Na FONAREV ni ya taifa lote, si ya Katanga peke yake. Wahanga wa Djugu waambiwe wazi wamehesabiwa wangapi na watapata nini.

Wakubwa wengine wanasema: ukimjengea mkimbizi mjini, hatarudi kwao. Tunakataa. Mlimaji hafungwi na tofali, anafungwa na bunduki iliyo kwenye shamba lake. Watu wa Djugu wamerudi mara nyingi kila bunduki iliponyamaza kidogo, halafu wakafukuzwa tena. Tena kupewa kiwanja Bunia kusifute haki ya shamba la kijijini, na hicho kiwanja kisinyang'anywe kwa mwingine, kwani hapa udongo umeshaua watu wa kutosha. Kiandikwe, shefu wa katiye awe shahidi, na wa kila kabila wapate.

Na si wote wanahitaji kiwanja. Wakimbizi wengi hawako kambini, wako kwa shangazi, kwa rafiki, au wanapanga. Mama anayetafuta chumba Bunia anaombwa garanti ya miezi kadhaa kwa mara moja, wakati bwana iko kariere na simu haipiti. Leta ikilipa garanti hiyo, jamaa moja inatoka kwenye matope. Na yule shangazi aliyepokea watu saba katika vyumba viwili, apewe mabati kumi na misumari, aongeze chumba. Hiyo haihitaji mkutano wa Kinshasa.

Tunaomba serikali ya provense itangaze, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu, pesa ya nyumba ni ngapi mwaka huu na itaenda katiye gani. Kigonze wanangoja, na mvua haingoji.