Kamera Zilizozimwa

Wahadhiri wa vyuo vyetu hulalamika kwamba katika masomo ya mtandaoni vijana hawashiriki: kamera zimezimwa na video walizopewa hazitazamwi. Tusiharakishe kuwahukumu. Kijana anayeishi chumba kimoja na wenzake watatu huzima kamera ili kuokoa bando, au kuficha kitanda kilicho nyuma yake. Video fupi, inayopakuliwa chuoni na kutazamwa baadaye bila intaneti, ni tendo la haki kabla ya kuwa mbinu ya kufundishia.

Hata hivyo, bando peke yake halitoshi. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, walianza kurekodi masomo yao mwaka 2007, na baadaye wakakusudia muda wa darasa ubaki kwa mazoezi na maswali. Mhadhiri anayerudia darasani yale yale yaliyomo katika video huwafundisha wanafunzi wasiitazame. Na aanze na maswali waliyomtumia, awaite kwa majina, awagawe katika vikundi vidogo ambamo asiyekuwapo huulizwa yuko wapi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulitaka malezi yamjenge mtu mzima, wala si kichwa chake tu.

Nasi waamini tunahusika. Parokia kadhaa zilifunga intaneti wakati wa korona ili kurusha Misa mubashara. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kumbi zake hukaa tupu, zina umeme na viti. Halmashauri ya Walei inaweza kuzifungua kwa wanafunzi hao.