Kamera Mfukoni, Amana Shingoni

Waliouzoea ukurasa huu wanaujua udhaifu wangu. Hakifiki chombo kipya katika maduka ya Babati mjini nami nikatulia kabla sijakishika, nikakigeuza upande huu na huu, na kumchosha mwenye duka kwa maswali. Mke wangu husema kwamba mimi na duka la simu ni kama nyuki na ua la alizeti. Nami sikatai.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kamera zilizomo katika simu zetu, na kidogo juu ya michezo ya intaneti ambayo vijana wetu huicheza katika simu hizo hizo. Nitavisifu kwanza, kwani navipenda wala sioni haya kusema hivyo. Kisha nitakusimulieni kosa nililolifanya mwenyewe, ili mwenzangu asije akaliingia kwa mlango ule ule.

Bonga yetu iko kusini ya Babati, katika njia kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Sehemu ya njia hiyo baina ya Mela na Bonga, kilomita 88.8, ilitiwa lami, na njia nzima ya Dodoma hadi Babati ikafunguliwa rasmi mwaka 2018. Tangu hapo bidhaa hutufikia upesi, na habari za vyombo vipya hutufikia upesi zaidi, kwani hizo hazingoji basi.

Lakini kamera si jambo geni kwetu Waislamu kama watu wadhanivyo. Katika ghala yangu ya mahindi kuna tundu ya msumari katika bati la ukuta unaotazama barabara. Siku ya jua kali, ukifunga mlango na kungoja macho yazoee giza, utaona juu ya ukuta wa pili barabara nzima: malori, bodaboda na miti, vyote vikienda kichwa chini miguu juu. Watoto wangu walipoonyeshwa mara ya kwanza walidhani ni mazingaombwe. Nikawaambia, la! Hasha! Mambo haya aliyachungua Ibn al-Haytham, mtu wa Basra, aliyezaliwa karibu na mwaka 965 na kufia Misri karibu na mwaka 1040. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu ya chumba cha giza, akaona kila taa yatia nuru yake mahali pake ukutani; akiziba moja, nuru yake peke yake hutoweka. Akajua kwamba nuru huenda mstari ulionyoka, wala nuru za taa mbalimbali hazivurugani zikutanapo tunduni. Kila kamera duniani, hata hii iliyomo mfukoni mwako, ni chumba kile cha giza kilichofanywa kidogo.

Yaliyobaki yalikuwa ni kutafuta namna ya kuishika ile nuru isikimbie. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alitoa kamera ya Kodak iliyopiga picha 100, kisha mwenyewe huirudisha nzima kiwandani ili picha zisafishwe. Mwaka 1975 kijana wa kampuni hiyo hiyo, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kaseti, tena ilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Mwaka 2000 Wajapani wakaitia kamera ndani ya simu na kuiuza. Na mwaka 2012 Kodak, iliyokuwa mfalme wa filamu, ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa na madeni. Chombo kilichozaliwa nyumbani mwake ndicho kilichoishinda. Mwenye akili na azingatie.

Sasa kwa mwenye kutaka kununua, nina maneno matatu. La kwanza, usidanganyike na wingi wa megapikseli. Muuzaji atakuambia hii ni 50 na ile ni 108, nawe utadhani kubwa zaidi ndiyo bora. Picha hutokana na nuru, na nuru hupokewa na kibamba kidogo kilicho nyuma ya lenzi. Kibamba kikiwa kidogo na macho yake yakiwa mengi, kila jicho hupata nuru haba, na picha ya magharibi hutoka na chengachenga. Basi mwombe muuzaji akupishe pembeni mwa duka palipo na kiza, upige picha ya mkono wako, uikuze, na uitazame. Jaribio hilo lakuambia zaidi ya tangazo. La pili, kabla ya kutoa fedha bonyeza *#06#, usome namba ya simu ile yenyewe, uilinganishe na iliyoandikwa katika boksi. Msisahau kwamba mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchini, na wengi walilala na simu wakaamka na kipande cha plastiki. La tatu, futa lenzi. Vumbi letu la kiangazi pamoja na jasho la mfukoni huharibu picha nyingi kuliko ubaya wa kamera yenyewe, na kitambaa safi cha pamba hakina gharama.

Faida zake nani atazikana? Mkulima akiona doa asilolijua katika majani ya mbaazi huipiga picha akampelekea bwana shamba, naye hujibu kabla jua halijatua. Hati ya shamba ikiliwa na mchwa, nakala ya picha yaweza kumsaidia mwenyewe kuanza kuitafuta nyingine. Na kuna jambo la moyo. Marehemu baba yangu aliacha picha moja tu, ndogo ya kitambulisho, iliyopigwa studio Babati mjini. Wanangu humjua babu yao kwa uso ule uliokaza macho mbele ya pazia. Sauti yake hawaijui, wala cheko lake. Nikiikumbuka hali hiyo siwezi kukilaani chombo hiki.

Najua wanavyuoni wamejadiliana sana juu ya picha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akiihalalisha picha ya kamera, kwa kuiona kuwa ni kukizuia kivuli kilichokwisha kuwapo. Na wako wasiokubaliana naye mpaka leo. Mimi si mufti, na swali hilo naliacha kwa wenyewe. Ninalotaka kulisema ni jambo ambalo pande zote mbili hazitofautiani: siri ya mtu ni amana.

Na sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mbaazi, palikuwa na harusi ya jamaa yetu hapa hapa Bonga. Nilikuwa na simu mpya, na bila shaka kila mtu alikwisha kuijua. Mama wa bibi harusi akaniomba nisimame mlangoni kwa wanawake, nimpige picha binti yake pale tu alipoketi, kisha niondoke. Nikafanya hivyo. Nyuma ya bibi harusi alikuwapo shangazi yangu, mtandio umemshuka kwa joto, ajipepea kwa ukili. Akaniona.

“Mwanangu, umenipiga picha?”

“Nimempiga bibi harusi, shangazi.”

“Na mimi nimo?”

Nikatazama. Alikuwamo, nywele wazi. Nikamwambia ukweli. Akasema, “Basi nifute, baba.” Nikaifuta mbele ya macho yake, nikamwambia, “Nimekwisha kukufuta, shangazi.” Akaniombea dua.

Ndugu wasomaji, mimi nijifanyaye mjuzi wa vyombo nilisahau vitu viwili. Kwanza, nilipokuwa nikipiga nilikiweka kidole bila kukiinua, na simu hii ukifanya hivyo hupiga picha mfululizo. Zilikuwa 10. Nilifuta moja, zikabaki 9. Usiku ule, kwa furaha ya kuonyesha kazi yangu, nilizituma picha zote za harusi katika kundi la ukoo bila ya kuzitazama moja moja. Alfajiri, mmoja wa vijana alikuwa amekwisha kuiweka mojawapo katika statasi yake, na watu tusiowajua walikuwa wamekwisha kuiona.

Shangazi aliisikia habari hiyo kisimani, kwa mdomo wa jirani. Nilipokwenda kumwamkia hakugomba. Aliitikia shikamoo yangu, akaniwekea kigoda, akanimiminia uji. Kisha akasema neno moja tu: “Uliniambia umenifuta.”

Neno lile liliniumiza kuliko kama angenipiga. Nilikuwa nimempa kauli, naye akaiamini kwa sababu mimi ndiye mjuzi wa nyumba. Siku 3 nilizunguka, mlango kwa mlango na simu kwa simu, nikiwaomba jamaa waifute: wa hapa Bonga, wa Kondoa, wa Arusha, hata mmoja aliyeko Maskati. Katika kundi niliiondoa kwa watu wote, lakini amri ile haiwezi kuzifuata nakala ambazo watu wamekwisha kuzihifadhi kwao. Na niliporudi kuichungua simu yangu, nilikuta hata ile moja niliyoifuta mbele ya shangazi ingali hai, imelala katika pipa la taka la simu.

Basi na tujue mitambo hii inavyofanya kazi. Katika simu nyingi za leo kufuta si kuangamiza. Picha huhamishwa tu, ikakaa siku 30, na katika ghala nyingine za mbali hata siku 60, ndipo ikaondoka yenyewe. Mwenye kutaka kuifuta kweli hana budi kuingia katika pipa hilo na kuifuta mara ya pili. Tena simu nyingi hupeleka nakala ya kila picha katika ghala ya intaneti bila ya kukuuliza kila mara. Itazame mipangilio yake, ujue ni picha zipi ziendazo huko. Na picha yaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa, hata mtu akaijua nyumba yako. Jambo hilo huzimwa katika mipangilio ya kamera. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Lakini je, Mwislamu angojee sheria ya bunge ndipo amstahi shangazi yake?

Kabla sijamaliza, neno juu ya michezo. Mpwa wangu hucheza Free Fire, mchezo wa vita ambao watu 50 huteremshwa kisiwani, na hudumu kama dakika 10. Nimeucheza naye, na nakiri kwamba una utamu: wataka jicho kali, shauri la haraka na wenzi wa kuaminiana. Ila una tofauti kubwa na bao letu. Ukicheza bao chini ya mwembe na adhana ikasikika, mnaziacha kete shimoni mkaenda kuswali, mkirudi mnazikuta. Mchezo wa intaneti hausimami. Ukiondoka umewaacha wenzako vitani. Ndiyo sababu kijana huitwa mara tatu asiitike, nasi tukadhani ni jeuri. Tulipatana naye hivi: mchezo huanza baada ya Sala, wala hauanzwi adhana ikiwa karibu. Ugomvi ukapungua.

La pili ni fedha. Michezo hii hutolewa bure, kisha huuza mavazi, silaha na masanduku ya bahati, ambayo mnunuzi hajui atapata nini mpaka amekwisha kulipa. Mwaka 2018 tume ya Ubelgiji iliyaita baadhi ya masanduku hayo kamari, na kwetu sisi hukumu ya kamari imekwisha kupita katika Sura ya al-Maida. Basi mzazi asimpe mtoto namba yake ya siri ya pesa za simu, na aiwekee simu kizuizi cha manunuzi. La tatu ni kiasi. Shirika la Afya Duniani limeutia ulevi wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022. Usikusudie kila achezaye. Wakusudiwa yule ambaye mchezo umemla usingizi, masomo na jamaa zake kwa muda mrefu. Dawa ya nyumbani iliyo nyepesi ni kwamba simu ichezewe sebuleni, mbele za watu, na usiku ilale chumbani kwa wazee.

Nami nimejiwekea masharti yangu. Sipigi kabla ya kuomba ruhusa. Situmi kabla ya kutazama moja moja. Sisemi “nimefuta” mpaka nimefuta mara mbili. Na picha za wanawake harusini hupigwa na mmoja wao, kwa simu yake bibi harusi mwenyewe.

Baada ya miezi, shangazi alinipelekea mtoto kuniita. Nilimkuta amevaa mtandio wake mzuri, ameketi mlangoni, mlima Kwaraa nyuma yake. Akasema anataka picha moja, ya karatasi, ili wajukuu wake wasije wakabaki na kitambulisho tu kama ilivyokuwa kwa kaka yake. Nikampiga, nikamwonyesha, akairidhia. Nikaenda Babati nikaisafisha, nikamletea. Aliitazama sana, akaitia sandukuni, kisha akaninyoshea mkono.

“Lete hiyo simu. Nionyeshe hilo pipa.”

Nikamwonyesha, akaniamuru kidole kwa kidole, mpaka hapakusalia kitu.

Wabillahi taufiq. Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya taa za umeme wa jua.